Somo la wiki: Kupanga chumba cha nguo kulingana na nafasi ya nyumba

KWA vizazi vingi nguo za familia za pwani ya Afrika Mashariki zilihifadhiwa sandukuni. Doti za khanga zilikunjwa, kanzu zikafukizwa udi, kisha kifuniko kikafungwa kwa kufuli. Sanduku moja au mawili yalitosha nyumba nzima kwa sababu nguo zenyewe zilikuwa chache.

Hali hiyo imebadilika. Tangu Tanzania ilipoanza kulegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, mitumba, vitenge, suti na viatu kutoka nje vimeingia kwa wingi, na mtu wa kipato cha kawaida ameweza kuwa na mashati ambayo baba yake hakuyaota. Matokeo yake yanaonekana vyumbani: kabati la milango miwili limejaa, kiti kimegeuka tundiko la nguo, na masanduku ya safari yamepangwa juu ya kabati hadi kugusa dari.

Hapo ndipo linapozaliwa soko la kabati la kuingia ndani, ambalo wengi huliita chumba cha nguo. Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam na wale wa kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi huletewa na wateja picha iliyomo ndani ya simu, wakiambiwa: "Nitengenezee kama hii." Tatizo ni kwamba picha nyingi za namna hiyo zimepigwa katika nyumba za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, ambako chumba cha nguo peke yake huweza kuzidi ukubwa wa chumba cha kulala cha mpangaji wa Manzese.

Fundi anayekubali kazi kwa kuangalia picha bila kupima chumba hupoteza faida yake. Mteja anayelipa bila kuona mchoro hupoteza chumba chake. Somo hili linaeleza jinsi pande zote mbili zinavyoweza kuepuka hasara hiyo.

KUHESABU NGUO KWANZA

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuanza na ukuta: fundi hupima ukuta, akaujaza mbao, na nguo zikaja baadaye. Utaratibu unaofaa ni kuanza na nguo, kwa sababu ndizo mzigo wenyewe. Hakuna mfanyabiashara anayekodi ghala kabla ya kujua ana magunia mangapi.

Nguo zote zigawanywe katika mafungu manne. La kwanza ni nguo fupi za kutundika: mashati, blauzi, sketi, suruali na makoti ya suti. La pili ni nguo ndefu za kutundika: kanzu, mabuibui na magauni marefu. La tatu ni nguo za kukunja: khanga, vitenge, fulana, mashuka na taulo. La nne ni viatu, mikoba na masanduku ya safari.

Kwa makisio ya kupangia, shati au blauzi iliyo kwenye henga hula sentimita 3 za bomba la kutundikia. Suti kamili hula sentimita 6. Gauni refu au buibui hupewa sentimita 4. Doti ya khanga iliyokunjwa vizuri hupewa unene wa sentimita 2, na kitenge sentimita 3.

Ichukuliwe familia ya mume na mke. Mume ana mashati 24, suruali 10, suti 4 na kanzu 6. Mke ana blauzi na sketi 26, magauni marefu na mabuibui 14, doti 30 za khanga na vitenge 20. Hesabu yao inakwenda hivi:

Nguo fupi: mashati 24 mara 3 ni 72, suruali 10 mara 3 ni 30, suti 4 mara 6 ni 24, blauzi na sketi 26 mara 3 ni 78. Jumla ni sentimita 204.

Nguo ndefu: kanzu 6 mara 3 ni 18, magauni na mabuibui 14 mara 4 ni 56. Jumla ni sentimita 74.

Nguo za kukunja: khanga ni sentimita 60 za unene, na vitenge pia 60. Fungu moja la nguo lisizidi kimo cha sentimita 25, la sivyo huanguka kila inapochomolewa ya chini. Hivyo khanga zinahitaji mafungu 3 na vitenge mafungu 3.

Kwa kuwa nguo huongezeka, hasa baada ya harusi na sikukuu, inafaa kuongeza sehemu moja ya tano kwa zile za kutundika. Nguo fupi zinafika sentimita 245 na ndefu sentimita 89. Nguo fupi zina faida moja: mabomba mawili yanaweza kuwekwa moja juu ya jingine. Hivyo sentimita 245 za bomba zinahitaji sentimita 122 tu za ukuta.

Familia hii basi inahitaji sehemu tatu: ya nguo fupi yenye upana wa sentimita 122, ya nguo ndefu yenye sentimita 89, na ya rafu yenye sentimita 80, ambayo kila rafu itapokea mafungu mawili. Zikiongezwa mbao nne za wima zenye unene wa milimita 18, jumla ni sentimita 298, yaani mita 3 kasoro kidogo. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo chumbani.

VIPIMO VISIVYOPUNGUZIKA

Vipo vipimo ambavyo havitokani na matakwa ya mteja wala ya fundi, bali mwili wa binadamu na upana wa henga.

Kina cha kabati la kutundikia ni sentimita 60. Kikipungua sana, mikono ya mashati hubanwa na mlango au pazia. Katika nyumba za pwani inafaa kuongeza sentimita 5 nyuma ya kabati ili hewa ipite, na hivyo safu moja ya kabati inakula sentimita 65 za chumba.

Njia ya mtu kusimama na kuvaa isipungue sentimita 75. Pale penye safu mbili zinazotazamana, sentimita 90 ni bora zaidi ili watu wawili waweze kupishana asubuhi.

Kutokana na hayo, chumba cha nguo chenye safu moja kinahitaji upana wa sentimita 65 na 75, yaani 140. Chenye safu mbili kinahitaji 65, 90 na 65, yaani sentimita 220. Nafasi iliyo chini ya sentimita 140 haiwezi kuwa chumba cha nguo, hata fundi awe hodari kiasi gani. Hapo patafaa kabati la ukutani.

Rafu ya ubao wa kubandika wa milimita 18 isizidi upana wa sentimita 80 hadi 90 bila nguzo katikati, kwani hulegea na kupinda kwa uzito wa mashuka na vitenge. Kadhalika bomba la kutundikia linalozidi mita 1 liwekewe mkono wa kulishikilia katikati.

AINA TANO ZA NAFASI

Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, chumba cha futi 10 kila upande, yaani sentimita 305, ni kipimo cha kawaida. Kitanda cha futi 5 kwa 6 pamoja na fremu yake hula takriban sentimita 160 kwa 195. Mpangaji akitaka kukata chumba cha nguo cha sentimita 140 na kizigeu cha sentimita 10, zinabaki sentimita 155. Kitanda kinahitaji 160. Hakiingii.

Suluhisho ni kutumia njia moja kwa kazi mbili. Safu ya sentimita 65 iwekwe ukuta mmoja mzima, kitanda kisukumwe ukuta wa pili, na katikati ibaki njia ya sentimita 80. Njia hiyo ndiyo ya kupita na ndiyo ya kuvalia. Milango ya bawaba haifai hapa: mlango wa sentimita 40 ukifunguliwa unaacha sentimita 40 tu za kupita. Pazia zito au milango ya kuteleza ndiyo inayofaa. Safu ya familia iliyotajwa hapo juu, yenye sentimita 298, inaingia katika ukuta wa sentimita 305 na kubakiza sentimita 7.

Mpangaji akumbuke pia kwamba chumba si chake. Kitu kilichojengewa ukutani kinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba siku ya kuhama. Kabati lake liungwe kwa skrubu, si kwa misumari na gundi, ili lifunguliwe na kupakiwa kwenye gari pamoja na kitanda.

Njia ya chumba cha masta. Katika nyumba nyingi mpya chumba kikuu kina kijia kati ya mahali pa kulala na bafu. Kijia hicho kikiwa na upana wa sentimita 140, tayari ni chumba cha nguo chenye safu moja, na hakuna ukuta wa kujenga. Hasara yake ni mvuke. Bafu liwe na mlango unaofunga barabara na dirisha linalofunguka, na sehemu ya rafu, si ya suti, ndiyo ikae karibu na bafu.

Nyuma ya kitanda. Hapa kizigeu hujengwa katikati ya chumba, kichwa cha kitanda kikaegemea upande mmoja na nguo zikakaa upande wa pili. Hesabu yake ni: safu 65, njia 75, kizigeu 10, kitanda 195, na njia ya miguuni 75. Jumla ni sentimita 420. Chumba kisichofika mita 4.2 kisijaribiwe. Katika chumba cha mita 3.6, kwa mfano, zingebaki sentimita 15 miguuni mwa kitanda, na mtu angelazimika kupita kwa kuparamia godoro. Kizigeu nacho kisifike kuta zote mbili, bali kiache sentimita 80 za kuingilia.

Nyumba inayojengwa. Huyu ndiye mteja mwenye nafasi kubwa zaidi, na mara nyingi ndiye anayekosea zaidi, kwa kuwa hufikiria kabati baada ya kuta kusimama. Mwenye kujenga amwambie mchoraji mapema kwamba anataka chumba cha nguo cha safu mbili chenye upana wa sentimita 220 baada ya plasta. Maneno "baada ya plasta" yaandikwe. Plasta ya sentimita 1 hadi 2 kila upande inaweza kula sentimita 4 za upana, na upungufu huo hutolewa kwenye njia ya kusimama. Dirisha dogo liwekwe ukuta wa mwisho, si ukuta wa safu, ili lisizibwe na mbao. Mahali pa taa na swichi pawekwe kabla ya plasta, kwani kutindua ukuta baadaye ni gharama mara mbili.

Nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Upana wa mita 2.5 hadi 3 ni wa kawaida. Kuweka kabati kwenye ukuta mrefu hukifanya chumba kiwe kama ukumbi wa kupita tu. Inafaa kukata mwisho wa chumba. Chumba cha mita 6 kwa urefu kikikatwa sentimita 150 kwa safu, njia na kizigeu, bado zinabaki mita 4.5 za kulala na kukaa.

Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hazikunyooka, hutoa chumvi na unyevu, na hazishiki misumari vizuri. Kabati lisimame kwa miguu yake lenyewe, lipimwe kwa timazi na pima maji, wala lisilazimishwe kufuata ukuta. Zidaka zilizomo ukutani zisizibwe, kwani ni rafu zilizokwisha kujengwa, tena ni thamani ya nyumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Mwenye nyumba Mji Mkongwe asianze kubomoa wala kuongeza ukuta kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

HESABU YA BODI

Sehemu hii inawahusu zaidi mafundi, lakini mteja anayeielewa hatapunjwa.

Bodi ya MDF au chipubodi ya futi 8 kwa 4 ina sentimita 244 kwa 122. Ikipasuliwa katikati kwa urefu, inatoa kanda mbili zenye upana wa sentimita 60 kila moja, na kinachobaki huliwa na msumeno na kunyoosha kingo. Hii ndiyo sababu ya kibiashara ya kushikilia kina cha sentimita 60. Fundi anayempa mteja kina cha sentimita 62 "ili kabati liwe na nafasi" anapata ukanda mmoja tu wa kipimo hicho katika kila bodi, na gharama yake ya bodi inaelekea kuwa maradufu.

Kabati la familia iliyotajwa lina kimo cha sentimita 240. Vipande vyake ni hivi: mbao za wima 4; sehemu ya nguo fupi ina vipande 3 vya sentimita 122, yaani sakafu, rafu ya juu kwenye kimo cha sentimita 205 na paa; sehemu ya nguo ndefu ina vipande 3 vya sentimita 89; na sehemu ya rafu ina vipande 8 vya sentimita 80. Juu ya rafu ya sentimita 205 hukaa masanduku ya safari.

Mbao za wima zinachukua kanda 4. Kipande cha 122 na cha 89 vinaingia pamoja katika ukanda mmoja, kwani jumla ni 211. Kwa hiyo vipande hivyo sita vinachukua kanda 3. Vipande vya 80 vinaingia vitatu katika ukanda, jumla 240, huku kila mkato ukila milimita 3 hivi. Vipande 8 vinachukua kanda 3. Jumla ni kanda 10, yaani bodi 5. Mabaki ya ukanda wa mwisho, sentimita 83, yanatosha kukatwa vipande vinne vya sentimita 7 kwa ajili ya kizingiti cha chini.

Sasa ichukuliwe kwamba mteja anaomba sehemu ya rafu iwe na sentimita 82 badala ya 80. Linaonekana ombi dogo. Lakini 82 mara 3 ni 246, na ukanda una 244. Vipande vinaingia viwili tu katika kila ukanda. Kanda za rafu zinakuwa 4, jumla kanda 11, na fundi analazimika kununua bodi ya sita. Sentimita 2 zimekula bodi nzima.

Fundi aliyepanga faida yake iwe sawa na bei ya bodi moja na nusu, hapo amebakiwa na nusu bodi kwa kazi ya siku kadhaa.  Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa seremala, daftari la kwanza ni mchoro wa mikato.

Inafaa kukumbuka jambo jingine dogo. Kabati la kimo cha sentimita 240 na kina cha 60 likiunganishwa likiwa limelala sakafuni, linahitaji karibu sentimita 248 za nafasi ya juu wakati wa kulisimamisha, kwa sababu pembe yake huzunguka. Chumba chenye dari ya sentimita 245 kitalikataa. Katika chumba cha namna hiyo kabati liunganishwe likiwa limesimama.

MBAO, UNYEVU NA WADUDU

Uchaguzi wa mbao utegemee mahali, si fahari. Chipubodi ni nafuu lakini ikinywa maji huvimba na hairudi. MDF hukubali rangi vizuri, nayo pia huogopa maji. Zipo bodi za aina inayostahimili unyevu zaidi, na hizo ndizo za kununua kwa kabati lililo karibu na bafu. Kingo zote zifungwe, pamoja na zile za chini zisizoonekana, maana maji ya kupigia deki huingilia huko.

Msonobari kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill wilayani Mufindi hufaa kwa fremu, mradi uwe umekauka na umetiwa dawa. Mbao mbichi hupinda ikiwa tayari imeshaungwa, na mlango ukaacha kufunga. Mninga na mkongo ni imara na za kudumu, lakini kuzitumia kwa rafu za ndani zisizoonekana ni kuzika fedha. Wengi huridhika kwa kuweka mninga kwenye milango na fremu za mbele, na bodi ndani. Mnunuzi wa mbao za miti ya asili adai stakabadhi na aulize hati za usafirishaji wa mazao ya misitu, kwani mzigo usio na hati unaweza kukamatwa njiani.

Adui mkubwa wa nguo za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar ni ukungu. Nguo iliyotundikwa ikiwa na jasho au haijakauka vizuri, katika kabati lisilopitisha hewa, huota madoa meusi wakati wa masika. Dawa yake ni hewa: nafasi ya sentimita 5 nyuma, matundu chini na juu ya mgongo wa kabati, na milango yenye vipanga vya kupitisha hewa. Rafu ya viatu itengenezwe kwa vipande vyembamba vya mbao vyenye nafasi katikati.

Mchwa huja kutoka chini, na bungua hutoboa mbao yenyewe. Kabati linyanyuliwe kwa kizingiti, na upande wa nyuma uweze kukaguliwa walau mara mbili kwa mwaka. Nondo hupenda nguo za sufu zilizochakaa jasho. Suti zifuliwe kabla ya kuhifadhiwa. Desturi ya pwani ya kufukiza nguo kwa udi ni nzuri, lakini chetezo chenye makaa kisiachwe ndani ya chumba cha nguo hata kwa dakika chache. Taa nayo iwe ya aina isiyotoa joto kali, mbali na nguo za juu.

BEI NA MAKUBALIANO

Fundi asitaje bei kwa kuangalia picha, wala kwa simu. Aende na tepu, apime ukuta sehemu tatu, yaani chini, katikati na juu, kisha achukue kipimo kidogo kuliko vyote. Kuta za nyumba nyingi hazina pembe kamili.

Karatasi ya makadirio itenganishe bodi, vifaa vya chuma kama bawaba, vitasa, mabomba na reli, rangi au vanishi, usafiri, na ufundi. Ionyeshe idadi, si jumla tupu. Bei ya vifaa hubadilika, hivyo iandikwe kwamba makadirio yatadumu siku 14, kwa mfano, na baada ya hapo yatapitiwa upya.

Malipo ya awali yatoshe kununua vifaa, ili fundi asitumie malipo ya mteja wa pili kumalizia kazi ya mteja wa kwanza. Tabia hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi katika karakana: fundi haibi, lakini siku zote yuko nyuma kwa kazi moja. Awamu ya pili ilipwe fremu inapokuwa imeonekana, na ya mwisho baada ya kabati kusimamishwa na milango kujaribiwa mbele ya mteja.

Mchoro wenye vipimo utiwe saini na pande zote mbili. Mabadiliko yoyote baada ya saini, hata ya sentimita 2, yaandikwe pamoja na bei yake.

ZOEZI

Mteja ana chumba cha mita 4.5 kwa 3.2 na kitanda cha futi 5 kwa 6. Anataka safu ya sentimita 298 nyuma ya kitanda. Je, inawezekana?

Jibu: safu 65, njia 75, kizigeu 10 na kitanda 195 ni sentimita 345. Katika 450 zinabaki 105 miguuni, zaidi ya 75 zinazohitajika. Safu ya 298 inaingia katika ukuta wa 320. Kizigeu kiwe sentimita 240 ili zibaki 80 za kuingilia, na kitanda chenye upana wa 160 kitakiegemea bila kuzidi. Inawezekana.

MUHTASARI

1. Nguo zihesabiwe kabla ya ukuta kupimwa.
2. Safu moja inahitaji sentimita 140, safu mbili 220. Pungufu ya hapo ni kabati la ukutani.
3. Vipimo vipangwe kufuata bodi, si bodi kufuata vipimo.
4. Mpangaji aunge kwa skrubu. Anayejenga aseme kabla ya msingi.
5. Pwani, hewa ya nyuma ya kabati ni sehemu ya kabati.
6. Mchoro usio na saini haulindi fundi wala mteja.